Ngozi za Shapira

Hakuna jiwe lililowafurahisha wasomaji wa Biblia kama lile alilooneshwa Frederick Augustus Klein mwezi Agosti 1868, na hakuna lililozaa majonzi mengi kama hilo. Klein alikuwa mmisionari wa Kianglikana mwenye makazi Yerusalemu. Safari hiyo alikuwa ng'ambo ya mashariki ya Bahari ya Chumvi, nchi ambayo leo inaitwa Yordani, na Mabedui waliompokea wakamwambia kwamba karibu na hapo, penye magofu ya Dhiban, kuna jiwe lenye maandishi ambalo Mzungu hajapata kuliona. Akapelekwa. Akakuta bamba la jiwe jeusi la volkano, refu kuliko mita moja, limechongwa mistari 34 ya herufi za kale. Akanakili herufi chache, akaondoka.

Anayesema katika jiwe hilo ni Mesha, mfalme wa Moabu, mtu wa karne ya 9 kabla ya Kristo. Anasimulia kwamba Omri, mfalme wa Israeli, aliitesa Moabu siku nyingi kwa kuwa mungu Kemoshi alikuwa ameikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akawarudia watu wake, naye Mesha akaiteka miji mmoja baada ya mwingine. Alipoutwaa mji wa Nebo akavichukua vyombo vya Yehova na kuviburuta mbele ya Kemoshi. Ukifungua sura ya 3 ya Wafalme wa Pili unamkuta Mesha huyohuyo, mfuga kondoo aliyemlipa mfalme wa Israeli wana-kondoo 100,000 na sufu ya kondoo dume 100,000, akaasi baada ya Ahabu kufa.

Mtu aliyeisoma sura hiyo tangu utotoni, akasikia kwamba adui wa Israeli naye ameacha ushahidi wake kwa mkono wake, hawezi kukaa kimya. Hata mimi sikai kimya. Lakini mashahidi hawa wawili hawakubaliani kwa kila neno. Mesha anajigamba kwamba Israeli imeangamia milele, na tunajua haikuangamia. Kitabu cha Wafalme kinasimulia vita ambayo jiwe haliigusi. Kila upande unahesabu ushindi wake na kumshukuru mungu unayemwamini. Wale wanaotaka jiwe hili liwe muhuri wa kuthibitisha kila mstari hulisoma nusu, na wale wanaotaka liwe hoja ya kuikanusha Biblia hulisoma nusu nyingine. Ukilisoma lote unapata jambo kubwa zaidi: sauti ya jirani wa Israeli, mwenye hofu, kiburi na dini yake, anayezungumza juu ya miji na wafalme tunaowajua kwa majina.

Habari zilipofika Yerusalemu, ugomvi ukaanza. Waprusi walilitaka jiwe kwa ajili ya Berlin. Charles Clermont-Ganneau, kijana msomi aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Ufaransa, alilitaka kwa ajili ya Paris. Huyu Mfaransa alimtuma mtu kwenda kulichukulia alama: karatasi inaloweshwa maji, inagandamizwa juu ya maandishi, ikikauka inabaki na umbo la kila herufi. Kazi ikiwa katikati, ugomvi ukazuka kati ya Mabedui wenyewe. Mjumbe akachomwa mkuki mguuni, karatasi ikang'olewa ikiwa bado mbichi, ikachanika vipande. Wakati huohuo watawala wa Kiosmani walikuwa wakiwabana Mabedui walitoe jiwe. Watu wa kabila la Bani Hamida, waliokuwa na kisasi chao na watawala hao, wakawasha moto chini yake hadi likaiva, wakalimwagia maji baridi. Likapasuka. Vipande wakagawana.

Clermont-Ganneau alivikusanya vipande alivyoweza, akaziba mapengo kwa kutumia ile karatasi iliyochanika, na leo jiwe liko Louvre likiwa limeungwaungwa. Kulaumu Mabedui ni rahisi. Mimi nawalaumu zaidi waliokuja na fedha na vitisho, kila mmoja akiogopa mwenzake asimtangulie, hata jiwe lililostahimili jua na mvua karne 27 na zaidi lisiweze kuzistahimili siku chache za kugombewa.

Hapo ndipo anapoingia Moses Wilhelm Shapira. Alizaliwa mwaka 1830 katika familia ya Kiyahudi huko Kamenets-Podolsk, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi, akahamia Yerusalemu akiwa kijana, akabatizwa na kuwa Mwanglikana. Alioa shemasi wa Kijerumani aliyemuuguza alipokuwa mgonjwa. Alifungua duka katika mtaa wa Wakristo, akawauzia mahujaji na watalii kumbukumbu za safari, na nyuma ya duka akafanya biashara nzito zaidi ya hati za kale. Haikuwa biashara ya uongo mtupu. Hati za Kiebrania alizozileta kutoka Yemen zilikuwa za kweli, na Makumbusho ya Uingereza ilizinunua kwa heshima.

Lakini baada ya jiwe la Mesha, kila mtu alitaka kitu cha Moabu, na soko likitaka kitu sana hukipata. Salim al-Kari, msanii Mkristo wa Yerusalemu ambaye alikuwa amewahi kunakili mistari ya jiwe lenyewe, akawa mshirika wa Shapira. Pakaanza kutokea vyungu, vichwa vya udongo na sanamu za miungu, vyote vimeandikwa herufi zilezile za Mesha. Mwanazuoni Konstantin Schlottmann wa Halle alivisifu. Wajerumani wengine walipelekwa hadi Moabu wakachimbe wenyewe, wakavikuta ardhini kama walivyoahidiwa, kwa kuwa mtu alikwisha kutangulia kuvifukia. Berlin ikanunua vipande 1,700 hivi.

Maandishi yale yalikuwa na herufi sahihi na hayakuwa na maana. Ukijaribu kuyasoma hupati sentensi. Jambo hilo peke yake lingetosha kumzuia mnunuzi. Wasomi wakajitungia udhuru: lugha ya dini, lugha ya mafumbo, lahaja isiyojulikana bado. Tukio hili nimelifikiria mara nyingi, kwa sababu wale hawakuwa watu wa kudanganywa kirahisi. Walijua Kiebrania, Kiarabu na Kifoinike. Kilichowaangusha ni kwamba walikuwa wameshaamua kufurahi kabla ya kuchunguza, na mtu akishaamua kufurahi, elimu yake inageuka kuwa mtumishi wa kutafuta visingizio. Clermont-Ganneau alifanya jambo la kawaida kabisa: alikwenda kuuliza wafinyanzi wa Yerusalemu. Wakamweleza nani aliwaagiza kazi. Mwaka 1874 dunia ikajua. Shapira akamtupia Salim lawama, akabaki na duka lake, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchafuka. Hadi leo haijathibitika kama alikuwa mwenzi wa udanganyifu au alikuwa wa kwanza kudanganyika.

Miaka michache baadaye, mwaka 1883, mtu huyohuyo alifika Ulaya na vipande 15 vya ngozi nyeusi vilivyokunjwa, vinavyonata kama vimepakwa lami. Alisema alivipata kwa Mabedui, ambao walivikuta vimefungwa vitambaa ndani ya pango karibu na bonde la Arnoni, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Vilikuwa na maneno ya Kumbukumbu la Torati kwa herufi za kale kama za Mesha, lakini si kama tunavyoyasoma: kuna yaliyopungua, na Amri Kumi zenyewe zimepangwa kwa namna nyingine. Ikiwa ni kweli, hii ingekuwa hati ya Biblia ya kale kuliko zote zilizojulikana, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Shapira alitaja bei ya pauni milioni moja.

Berlin iliwakutanisha wataalamu wake, nao wakaikataa kwa kikao kimoja. London ilikuwa na subira zaidi. Christian David Ginsburg, bingwa wa maandishi ya Biblia ya Kiebrania, alikaa na ngozi zile wiki kadhaa, akizinakili na kuzichapisha sehemu baada ya sehemu. Makumbusho ya Uingereza ikaweka vipande viwili ndani ya kioo, watu wakafurika, na Waziri Mkuu Gladstone akaja kutazama. Clermont-Ganneau naye akavuka bahari. Shapira aliomba asioneshwe, basi akasimama katika msongamano wa watu kama mtazamaji yeyote, akachungulia kwenye kioo. Akatoka na hukumu: ngozi hizi zimekatwa kutoka ukingo wa chini wa gombo la sinagogi la miaka mia chache tu, na Shapira mwenyewe aliwahi kuiuzia Makumbusho magombo ya aina hiyo. Siku chache baadaye Ginsburg naye akatangaza kwamba ni za kughushi.

Shapira alimwandikia Ginsburg kwamba haoni kama ataweza kuishi na aibu ile. Hakurudi Yerusalemu kwa mke na binti zake. Alitangatanga Ulaya miezi kadhaa, na Machi 1884 akajiua katika hoteli moja mjini Rotterdam. Ngozi zikauzwa kwa mnada London mwaka 1885 kwa pauni 10 na shilingi 5, kisha zikapotea.

Mkasa ungeishia hapo, ungekuwa na somo jepesi: mdanganyifu alikamatwa. Haukuishia hapo. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui wa kabila la Ta'amireh waliingia pango moja la Qumran, upande wa magharibi wa bahari ileile, wakakuta mitungi yenye magombo ya ngozi yaliyofungwa vitambaa. Watu walipoyaona walikumbuka simulizi ya Shapira: pango, Mabedui, vitambaa, ngozi nyeusi. Moja ya hoja za mwaka 1883 ilikuwa kwamba ngozi haiwezi kudumu miaka elfu mbili katika nchi ile. Ilidumu. Gombo la Isaya lilitoka likiwa zima, urefu wa mita 7 na zaidi. Mwaka 2021 msomi Idan Dershowitz alichapisha utetezi kwamba ngozi za Shapira zilikuwa za kweli, tena za kale kuliko Kumbukumbu la Torati lenyewe kama tulivyo nalo. Wenzake wengi wanapinga, na hoja zao zina uzito. Hakuna wa kuumaliza ubishi huo, kwa sababu ngozi zenyewe hazipo.

Katika mkasa wote huu, hiki ndicho kinachoniuma. Waliotaka kuamini walinunua takataka 1,700. Waliokwisha kuumwa na nyoka wakaogopa hata ung'ongo, hata hawakuona haja ya kuitunza hati waliyoikataa ili vizazi vya mbele viipime kwa vifaa vyao. Kama ilikuwa bandia, tungejua leo kwa uhakika na jina la Shapira lingepumzika. Kama ilikuwa kweli, tumepoteza kitu kisichokadirika. Na mzizi wa yote ni mmoja: hakuna aliyeona ngozi zile zikitoka ardhini. Hakuna aliyejua pango ni lipi. Hapakuwa na udongo, kipande cha chungu cha enzi ileile, wala mbegu au majivu kando yake. Palikuwa na neno la dalali tu.

Mwanaakiolojia akikuta kitu ardhini, anakipima mahali kilipolala kabla hajakigusa: tabaka gani, kando ya nini, chini ya nini. Kikishang'olewa usiku na mwizi kikauzwa kichochoroni, nusu ya ushahidi wake imeachwa shimoni, na iliyobaki inaweza kujazwa uongo na yeyote mwenye wino na subira.

Ungedhani fundisho hilo lilieleweka. Oktoba 2002 mjini Washington lilitangazwa sanduku la chokaa la kuhifadhia mifupa, lenye maandishi ya Kiaramu yanayomtaja Yakobo mwana wa Yusufu, ndugu yake Yesu. Lilikuwa mali ya Oded Golan, mkusanyaji wa Tel Aviv aliyesema alilinunua zamani kwa mchuuzi. Lilipooneshwa Toronto watu walipanga foleni. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ikatangaza kwamba maandishi ni ya kughushi, Golan akashtakiwa, na kesi ikaendelea hadi 2012. Aliachiwa katika mashtaka ya kughushi. Lakini jaji alisema wazi kwamba kumwachia mtuhumiwa si kuthibitisha kwamba maandishi ni ya kweli. Sanduku lenyewe ni la kale, hilo halibishaniwi. Kaburi lilikotolewa halijulikani, basi hata lingekuwa la Yakobo kweli, haliwezi tena kututhibitishia.

Kisha likaja Jumba la Makumbusho ya Biblia mjini Washington, lililofunguliwa Novemba 2017 kwa fedha za familia ya Green, wenye maduka ya Hobby Lobby. Walikuwa wamenunua vipande 16 vilivyosemwa kuwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi, kama yale ya Qumran. Baadhi ya wasomi waliotazama mwandiko walitilia shaka mapema. Machi 2020 uchunguzi ulioongozwa na Colette Loll ukatoa jibu: vyote 16 ni bandia. Vingi vilikuwa ngozi ngumu ya kale kweli, ya aina inayotengenezewa viatu, na chini ya darubini wino ulionekana umetiririka ndani ya nyufa na kupita juu ya kingo zilizovunjika. Mwandishi wa kale aliandika juu ya ngozi nzima, nayo ikapasuka baadaye. Huyu aliandika juu ya ngozi iliyokwisha kupasuka.

Nawapa watu wa jumba lile sifa wanayostahili: waligharimia uchunguzi wenyewe na kutangaza matokeo hadharani, jambo ambalo ni wachache kati ya wenye makosa walio na moyo wa kulifanya. Lakini uwazi huo haufuti kilichotangulia. Mwaka 2017 kampuni ya Hobby Lobby ilikubali kulipa dola milioni 3 na kusalimisha maelfu ya vitu vya kale vya Iraki vilivyoingizwa Marekani kwa hati za uongo. Penye mnunuzi mwenye haraka na asiyeuliza maswali, mwizi anachimba usiku na fundi anachanganya wino. Aliyetoa fedha kwa nia ya kuiheshimu Biblia amelisha mkono unaozifuta kumbukumbu za nchi ya Ibrahimu.

Sisi tusio na dola milioni tuna bei yetu. Kwenye simu zetu inazunguka picha ya mifupa ya jitu lililolala shimoni, na mchimbaji mdogo kama sisimizi kando yake, ikisemwa ni Wanefili wa Mwanzo 6. Picha hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya shindano la kuhariri picha, na shimo lenyewe lilikuwa la kufukua mnyama wa kale wa jamii ya tembo huko Hyde Park, New York. Nimeisikia ikitajwa mimbarani kama ushahidi. Kijana aliyeketi kwenye benchi, mwenye simu mfukoni, anahitaji dakika mbili kuujua ukweli. Akishaujua, hatalitilia shaka jitu peke yake. Atamtilia shaka mhubiri, na kesho atakitilia shaka na kile kilichokuwa kweli.

Nacho kipo. Mwaka 1979 Gabriel Barkay alikuwa akifukua makaburi ya kale ya Ketef Hinnom, kusini-magharibi mwa Yerusalemu, akisaidiwa na watoto. Mvulana mmoja aligonga kwa nyundo sakafu ya chumba kimoja, ikavunjika, na chini yake pakawa na hazina ambayo wezi hawakuifikia. Humo mlikuwa na vibati viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa. Kuvikunjua bila kuvivunja kulichukua miaka. Ndani yake, kwa herufi nyembamba za enzi ya mwisho ya ufalme wa Yuda au karibu nayo, palichorwa maneno ya baraka ya makuhani, ile ya Hesabu 6 ambayo bado inatamkwa makanisani kwetu ibada ikimalizika. Havithibitishi kwamba kitabu chote cha Hesabu kilikwisha kuandikwa wakati huo. Vinaonesha kwamba mtu wa Yerusalemu, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alivaa baraka hiyo mwilini na kuzikwa nayo. Ushahidi huo hauhitaji kutiwa chumvi.

Au fikiria lile pango la Nahal Hever katika jangwa la Yuda, liitwalo Pango la Kutisha kwa sababu ya mifupa ya wakimbizi iliyokutwa humo. Mlango wake uko katikati ya jabali, mita 80 hivi chini ya ukingo, na wachimbaji hushuka kwa kamba. Miaka ya 1950 Mabedui walileta sokoni vipande vya gombo la Kigiriki la manabii wadogo bila mtu kuwa na hakika vimetoka wapi. Yohanan Aharoni alipochimba pango hilo mwaka 1961, akakuta humo vipande vingine vya gombo lilelile, na shaka ya mahali ikaisha. Machi 2021 vilitangazwa vipande vipya kutoka pango hilo, vya Zekaria na Nahumu, vya gombo lilelile, vimekutwa na wachimbaji wenye chekecheke na daftari. Tunajua nani alivipeleka humo: Wayahudi waliokimbia majeshi ya Roma wakati wa uasi wa Bar Kokhba, kati ya 132 na 135. Maandishi ni ya Kigiriki, lakini jina la Mungu limeandikwa kwa herufi za Kiebrania cha kale. Na katika Zekaria 8, mahali ambapo nabii anawaagiza watu waambiane ukweli na kutoa hukumu ya haki malangoni mwao, kipande hicho hakisemi malango, kinasema mitaa. Kwa nini mfasiri yule alichagua neno hilo, na alikuwa na maandishi gani mezani pake, ndiyo kazi iliyo mbele ya wasomi sasa, na wanaweza kuifanya kwa sababu ngozi ipo na pango lake linajulikana.